Kumtafuta babu wa enzi za ukoloni: uanze na wazee, kitabu cha ubatizo au nyaraka za taifa?

Kadi ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, imekunjwa mara nne, wino wake umepauka ukawa rangi ya chai. Ina viboksi 30. Ishirini na tatu vimetiwa alama, saba havina kitu. Juu pana namba, na pembeni ya namba pana jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Shangazi aliishika, akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Hiki ni kipande cha baba. Cha mkonge, Tanga."

Wakati huo nilikuwa nimeshamtafuta babu kwa miezi minne kwa jina jingine kabisa.

Tangu hapo ndugu na marafiki huniuliza jambo lile lile: mtu anayetaka kujua maisha ya babu au bibi yake aliyeishi Tanganyika au Kenya wakati wa mkoloni aanzie wapi? Wengi wana likizo ya wiki moja na nauli ya safari moja. Nimeziweka njia hizi moja ubavuni mwa nyingine nikiwa na mtu huyo akilini, na nitasema wazi ipi naipendelea na kwa nini.

Mdomo wa mzee na kopo la karatasi

Mzee anakupa majina, nasaba, na sababu za mambo. Karatasi inakupa tarehe, mahali, na namna karani alivyolisikia jina. Vyote viwili viko nyumbani na havina nauli, lakini ukilazimika kuchagua, anza na mzee. Faili lililokaa miaka 90 kwenye rafu litakuwepo mwakani. Shangazi yangu ana miaka 88.

Kosa la kwanza nililofanya kwake ni kumwuliza mwaka. "Babu alizaliwa mwaka gani?" Akanyamaza, kwa aibu nadhani, kisha akataja mwaka ili kunifurahisha. Nilipomwuliza tena wiki iliyofuata akataja mwingine. Siku ya tatu nikauliza kwa njia yake: alizaliwa kabla ya nini, baada ya nini? Bila kusita akajibu kwamba mama yake babu alikuwa na mimba yake wakati wa Mtunya, na kwamba mimba hiyo ilibebwa kwa mizizi ya porini. Mtunya ni njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita wakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Jibu hilo likanipa mabano ya miaka minne, na mabano ya kweli yana faida kuliko mwaka mmoja wa kubuni.

Kila eneo lina vigingi vyake vya namna hiyo. Wakikuyu wana Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya 1898 hadi 1900. Mzee wa Kenya au Uganda akisema mtu fulani alizaliwa jua lilipofichwa mchana, kuna kupatwa kamili kwa tarehe 14 Januari 1926, ambako kivuli chake kilipita katika nchi hizo mbili. Hapo unaweza kutoka na siku yenyewe. Kwa Wakalenjin kuna ibinda, yaani rika la waliotahiriwa kipindi kimoja: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na mengineyo. Angalia tu kwamba majina hayo yanazunguka, na jina lile lile hurudi baada ya karibu karne moja. Chumo wa babu na Chumo wa babu yake babu si watu wa zama moja.

Udhaifu wa wazee ni aina mbili. Wa kwanza hauna ubaya: "baba" katika mazungumzo ni pamoja na baba mkubwa na baba mdogo, na ukoo unaosimuliwa kwa mdomo huwaruka watu ambao hawakuacha watoto. Muulize kila mara: baba yupi, wa tumbo lipi? Wa pili ni mambo yanayofichwa kwa makusudi. Utumwa, kifungo, mke wa kwanza, mtoto wa nje. Usimbane mzee kwa hayo. Acha simu irekodi, uliza mambo ya kilimo na safari, na rudi kesho.

Na kabla hujaondoka, swali moja ambalo ningekuwa nimeliuliza mapema lingeniokoa miezi minne: aliitwa nani kabla hajabatizwa, kazini aliitwa nani, na nyumbani mama yake alimwita nani? Babu yangu alikuwa na majina matatu. Kijiji kilimjua kwa moja, kanisa kwa la pili, na shamba la mkonge kwa la tatu, ambalo kumbe lilikuwa la baba yake.

Neno kipande, mpaka na mpaka

Nisimame hapa kidogo, maana watu wa pande mbili za mpaka huzungumza juu ya kipande wakidhani ni kitu kimoja.

Kipande cha Kenya kilikuwa cheti cha kumsajili Mwafrika mwanamume kuanzia miaka 16. Kilitungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika vita vilipokwisha. Kilibebwa kwenye kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na ndani yake mna alama za vidole, jina, kabila, na orodha ya waajiri: lini aliajiriwa, lini aliachishwa, kwa mshahara gani. Aliyebahatika kukuta kipande kama hicho kwenye sanduku la babu ameshika historia ya ajira yake karibu yote, pamoja na majina ya mashamba. Sheria ya 1947 ndiyo iliyokuja kusajili watu wa rangi zote na kukiondoa.

Kipande cha Tanganyika, kile cha mashamba ya katani, ni kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama, ukijaza thelathini unalipwa. Wafanyakazi wenyewe waliitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Kadi hiyo inaonyesha mwezi mmoja na kitu tu katika maisha ya mtu, lakini inataja shamba, na shamba linakupa wilaya, na wilaya inakupa parokia na mahakama ya kuendea. Vile viboksi saba vitupu vya babu bado vinanisumbua. Aliugua? Alitoroka? Kadi haisemi.

Kumbukumbu za mashamba yenyewe ni njia ngumu, nami sikushauri uanze nayo. Makampuni mengi ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na madaftari yakatawanyika.

Kitabu cha parokia au Nyaraka za Taifa

Huu ndio uamuzi mkubwa, kwa sababu ndio unaogharimu safari. Ushauri wangu kwa mtu ambaye babu au bibi yake alibatizwa ni huu: nenda parokiani.

Serikali ya kikoloni iliandika watu kwa sababu ya kodi, kazi na usalama. Kanisa liliandika watu kwa sababu ya undugu, ili kujua nani ni mtoto wa nani, nani alimsimamia nani, nani ameshaoa na hawezi kuoa tena. Ukimtafuta mtu kama ndugu, kitabu cha kanisa ndicho kilichouliza maswali unayouliza wewe. Tena kanisa liliwaandika wanawake kwa mstari ule ule na wanaume. Bibi yako hakuwa na kipande, kodi ya kibanda iliandikwa kwa jina la mumewe, lakini kwenye ubatizo yumo kwa jina lake, na mama yake yumo, na mama yake wa ubatizo yumo.

Kwa Wakatoliki, vitabu vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini. Usiogope, ni maneno machache yanayojirudia: *natus* au *nata* ni tarehe ya kuzaliwa, *filius* au *filia* ni mtoto wa, *patrinus* na *matrina* ni wasimamizi, *obiit* ni alifariki. Yohana utamkuta kama Joannes, na akiwa baba wa mtu atakuwa Joannis. Yakobo ni Jacobus.

Kisha angalia pembeni. Nimewaona watu wakipiga picha safu za katikati na kuacha pambizo, na pambizo ndiyo hazina. Amri ya Roma iitwayo *Ne Temere*, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, popote alipo, habari irudishwe parokia alikobatizwa na kuandikwa kwenye kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukuambia mtu alizaliwa huku, akaoa kule, kilomita mia kadhaa mbali.

Paroko alinifungulia kitabu juu ya meza ya jikoni, kwa sababu ofisini taa ilikuwa imeungua. Mstari wa babu ulikuwa na mwandiko mwembamba unaolalia kulia. Alibatizwa mtu mzima. Kwenye nafasi ya kuzaliwa padri ameandika *circa* 1912. Hapo nilisema shangazi amekosea. Baadaye nikatazama mistari ya juu na ya chini: kila mtu mzima aliyebatizwa siku ile amepewa mwaka unaoishia na 0, 2 au 5. Padri alikuwa anakisia kwa kuangalia nyuso. Kwa umri wa babu, basi, ninamwamini shangazi na mizizi ya porini.

Ila pambizoni pameandikwa ndoa. Mwaka, parokia iliyoko upande wa Tanga, na jina la mwanamke ambaye si bibi yangu. Hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amemtaja. Katika kopo la biskuti hakuna picha yake. Kama si wino ule wa pembeni, mwanamke huyo angekuwa amefutika kabisa katika ukoo wetu.

Waanglikana na Walutheri nao wana vitabu vya ubatizo, mara nyingi kwa Kiswahili, ingawa hawakuwa na sharti hilo la pambizo. Wao wana faida nyingine: barua na ripoti za wamisionari zilizopelekwa Ulaya zimetunzwa vizuri. Za Misheni ya Leipzig, iliyofanya kazi Kilimanjaro tangu 1893, ziko Halle nchini Ujerumani. Za misheni mbili za Kianglikana, CMS na UMCA, ziko Uingereza: za CMS Chuo Kikuu cha Birmingham, na za UMCA Oxford. Kama babu alikuwa mwalimu au katekista, jina lake linaweza kuwa huko. Na kwa upande wa Wakatoliki, shirika la wamisionari la Mapadri Weupe lilitaka kila kituo kiandike shajara ya kila siku. Nakala ziko Roma.

Tahadhari moja ya safari: usiende parokia iliyo karibu na kijiji leo. Huenda ilizaliwa miaka ya 1980. Uliza parokia mama ilikuwa ipi.

Sasa Nyaraka za Taifa. Kipimo changu ni swali moja: je, babu yako aliwahi kuitumikia serikali au kuisumbua? Kama alikuwa jumbe, akida, chifu, karani, mwalimu wa serikali, tarishi, mshitakiwa, mdai wa shamba, au mfungwa wa siasa, nenda, na jiandae kukaa siku nyingi. Kama alikuwa mkulima aliyelipa kodi akakaa kimya, utasoma mafaili mazuri sana ya wilaya yake bila kukutana naye.

Dar es Salaam kuna kumbukumbu za utawala wa Wajerumani, ambazo UNESCO iliziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ugumu wake ni mwandiko wa Kijerumani wa kale, ambao hata Mjerumani wa leo anahitaji mafunzo kuusoma, pamoja na tahajia. Jina lenye J litafute kwenye Dsch au Dj, lenye Ch kwenye Tsch, lenye Sh kwenye Sch. Ujiji waliandika Udjidji, Mpwapwa wakaandika Mpapua. Kwa kipindi cha Waingereza kuna vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika historia na nasaba za watawala wa kienyeji. Ni vitamu kusoma, ila kumbuka nyingi ziliandikwa wakati Waingereza wanapanga nani awe mtawala wa wapi, hasa baada ya sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji. Aliyehojiwa alikuwa na cheo cha kugombea. Nasaba ya namna hiyo ilinganishe na ya ukoo ulioshindwa.

Nairobi, hifadhi iliyoundwa kwa sheria ya 1965 ina ripoti za mwaka za kila wilaya na mkoa, na mafaili ya mahakama za kienyeji. Hizo kesi za mahari, talaka na mipaka ya shamba ni mahali pachache ambapo mwanamke wa miaka ya 1930 anasikika akisema kwa kauli yake. Anayemtafuta mtu aliyewekwa kizuizini baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952 ajue kwamba sehemu ya mafaili iliondolewa nchini uhuru ulipokaribia. Kuwepo kwake kulikuja kukiriwa mwaka 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, na sasa yako Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, katika mfululizo wa FCO 141.

Popote uendapo, piga simu kwanza uulize unatakiwa kuja na barua gani. Mimi nilipoteza siku nzima kwenye ofisi moja ya kumbukumbu kwa sababu ya karatasi moja ya utambulisho ambayo mtendaji wa mtaa wangu angeniandikia kwa dakika tano.

Kama hakubatizwa

Mtafuta babu Mwislamu asikate tamaa kwa kukosa kitabu cha parokia. Njia yake ni mali: nyumba, shamba, minazi, wakfu, mirathi. Kwenye pwani ya Kenya madai ya ardhi yalisajiliwa kwa sheria ya 1908, na mirathi kwa kadhi hutaja warithi wote, wanawake kwa mafungu yao. Zanzibar, amri ya kukomesha utumwa ya 1897 iliwapeleka watu mbele ya mahakama kuomba uhuru wao huku mabwana wakilipwa fidia, na makaratasi ya zama hizo ndiyo ya kuulizia Kilimani, iliko hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar. Ni usomaji mzito. Nenda na mtu wa familia, usiende peke yako.

Kwa Kenya kuna chombo kinachosahaulika: Gazeti rasmi la Serikali, linalotoka tangu 1899. Matangazo ya mirathi humo humtaja marehemu, siku aliyofariki, kijiji, na aliyeomba kusimamia mali pamoja na undugu wake. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka kwenye intaneti bure. Kwa aliyefariki akiwa na kipande cha ardhi kilichosajiliwa, ningeanza hapo kabla ya ofisi ya ardhi.

Askari na wapagazi

Kwa askari wa KAR (King's African Rifles), kikosi cha Waingereza kilichoundwa mwaka 1902, ishike medali yake kwenye mwanga wa dirisha. Za Vita vya Kwanza zimechorwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Za Vita vya Pili, walizopewa waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma, mara nyingi hazina jina, kwa hiyo tafuta cheti cha kuachishwa jeshi au picha yenye beji.

Kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza lazima niseme ukweli unaouma. Ni wale waliotuachia jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukikosa jina la babu yako kwenye orodha zao, hilo halithibitishi kwamba hakwenda. Hapa simulizi ya ukoo ina uzito kuliko orodha, na nisingemruhusu mtu yeyote mwenye daftari anibishie.

Njia tatu za kuacha kwa sasa

Cheti cha kuzaliwa: Tanganyika sheria ya usajili ya 1920 haikuwalazimisha Waafrika, na Kenya ulazima ulienea nchi nzima baada ya uhuru. Kwa mtu wa 1920 usipoteze foleni. Sensa ya 1948 ilihesabu watu. Haitakupa ukurasa wenye jina la babu. Kipimo cha DNA kinaweza kukukutanisha na binamu aliye hai ambaye naye amepima, ila hakiandiki jina la mtu wala kijiji, na Waafrika Mashariki waliopima bado ni wachache. Fedha yake ni nauli ya parokiani.

Kwa hiyo, ukiwa na wiki moja: siku mbili kwa wazee, nusu siku kwenye kopo, siku mbili parokiani au kwa kadhi. Nyaraka za Taifa ziwe za likizo ijayo, ukiwa umeshajua majina yake yote na wilaya zake.

Mimi nimeshaandika kwa paroko wa Tanga. Nimeweka majina matatu ya babu, namba ya kwenye kadi, mwaka wa ndoa, na jina la yule mwanamke kama lilivyoandikwa pambizoni, herufi kwa herufi. Nimemwomba anitazamie pia kitabu cha vifo, na kitabu cha ubatizo cha miaka mitano iliyofuata, kama kuna mtoto. Shangazi nilimsomea barua kabla sijaituma. Alilirudia lile jina la mwanamke mara mbili, kisha akasema niongeze kwamba baba alikuwa na kovu la panga la mkonge kwenye mkono wa kushoto, huenda huko yupo anayelikumbuka.